Diski Pacha za Mazengo

Kitu kilichoandikwa mara moja hakijaandikwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa amri ya Denis Mazengo, na kwa miaka mingi aliishika kama watu wengine wanavyoishika Jumapili. Alipokuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma, hakuna barua iliyovuka meza yake bila nakala ya kaboni, na hakuna mkubwa aliyeweza kumharakisha. Yupo mkurugenzi aliyewahi kusimama mbele yake dakika ishirini, gari likinguruma nje, akisubiri karatasi ya kaboni ibadilishwe kwa sababu ile iliyokuwepo ilikuwa imefifia. Mazengo alimpa kiti.

Nyumbani mambo hayakuwa tofauti. Mwaka wa tatu wa ndoa yao, mkewe Debora alikuwa akitafuta kadi ya kliniki ya mtoto akakuta faili la kijani kabatini. Ndani yake ilikuwamo barua ya uchumba aliyoandikiwa yeye mwenyewe, neno kwa neno, nakala ya kaboni, na juu upande wa kulia namba ya kumbukumbu.

"Kumbe ulikuwa na wasiwasi gani, Baba Miriam?" aliuliza. "Kwamba nitakataa, halafu uitume kwa mwingine?"

Mazengo alimjibu, bila kutabasamu, kwamba barua yoyote inaweza kupotea posta.

Siku hizi ndiye anayekisimulia kisa hicho kuliko mkewe, na hucheka kabla wasikilizaji hawajaanza. Husema kwamba mtu anayeweka nakala ya mapenzi yake kwenye faili anastahili yote yatakayompata. Lakini zamani hakucheka. Aliamini kwamba uzembe ni dhambi, kwamba mtu asiyetunza karatasi hawezi kutunza neno lake, na alikuwa tayari kumwambia hivyo yeyote, hata kwenye foleni ya maji.

Serikali ilipopunguza wafanyakazi mwaka 1997, naye alipunguzwa. Barua ya kumwachisha kazi ilimfikia ikiwa moja. Akairudisha ilikotoka, akaeleza kwa heshima kwamba haijafuata utaratibu, akasubiri hadi saa nane mchana akapewa ya pili. Ndiyo kazi ya mwisho aliyoifanya serikalini, na aliifanya vizuri.

Ilikuwa miaka ya soko huria, na kila aliyepunguzwa aliambiwa ajiajiri. Wenzake wakafuga kuku, wakanunua mashine za kusaga, mmoja akaenda Mtera kununua samaki. Mazengo alirudi darasani. Akiwa na miaka arobaini na sita alikaa dawati moja na vijana waliomwita "babu", akajifunza kompyuta, na mwaka 2003 akapanga vyumba viwili mtaa wa Uhindini. Chumba cha mbele kikawa cha watu kuingia kwenye mtandao, na hapo alikaa Debora. Chumba cha nyuma kikakaa seva, ile kompyuta isiyozimwa, ambayo ndani yake zilihifadhiwa tovuti za watu: nyumba ya wageni, gereji, shule za sekondari mbili, wakulima wa zabibu, kwaya. Dishi la setilaiti lilisimama juu ya bati. Kampuni aliiita Nakala Mbili.

Kilichomvuta kwenye biashara hiyo ni kitu kimoja tu. Mwalimu wake chuoni alikuwa ameeleza kwamba seva nzuri huwa na diski mbili zinazofanya kazi kama pacha. Kila herufi inayoandikwa huandikwa kwenye zote mbili kwa wakati uleule. Moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi, na mtu aliyeko Dar es Salaam au Ulaya anayesoma tovuti hiyo hajui kwamba ndani kuna msiba. Mazengo alipolisikia hilo aliweka kalamu chini. Mungu wangu, aliwaza, hatimaye mtu mmoja duniani amefikiri sawasawa. Karatasi ya kaboni ilikuwa imegeuka chuma.

Tangu hapo hakuna mteja aliyeingia Nakala Mbili bila kuhubiriwa diski pacha. Mwenye nyumba ya wageni, mtu mcheshi aliyeitwa Bashiri, alikuja kuweka tovuti yenye picha tatu na bei za vyumba, akasikiliza mahubiri kwa nusu saa.

"Mzee Mazengo," alisema mwishowe, "mimi nina vitanda kumi na viwili. Hivi kama diski zote mbili zikifa, si nitavikumbuka kwa kichwa?"

"Haziwezi kufa zote," alisema Mazengo. "Ndiyo maana ziko mbili."

Fundi wake aliitwa Ambokile, mtu wa Mbeya, mpole, aliyejua kazi yake na alikuwa na ubaya mmoja tu: hakuogopa kumwambia mkubwa wake ukweli. Yeye ndiye aliyezifunga zile diski kwenye kisanduku chake, na siku hiyohiyo alisema maneno ambayo Mazengo hakuyapenda.

"Mzee, hizi tumezinunua siku moja, zimetoka boksi moja. Zimezaliwa pamoja, zinafanya kazi pamoja, zitazeeka pamoja. Moja ikianguka, nyingine haiko mbali. Lazima tuwe na ya tatu kabatini, na ikianguka moja tuibadilishe siku hiyohiyo, ili iliyobaki iinakilie mpya yote iliyonayo."

"Tutanunua," alisema Mazengo.

"Na hata hivyo hizi si akiba. Ukikosea ukafuta kitu, kinafutika kotekote kwa mpigo. Kila Ijumaa tuchome CD ya tovuti zote, niende nayo nyumbani."

Hapo Mazengo alinyooka kwenye kiti. Alikuwa na amri nyingine, ndugu ya ile ya kwanza, na hiyo ilikuwa kwamba faili haliondoki masjala. Ameona watu wakifukuzwa kazi kwa karatasi iliyokutwa nyumbani. Amemwona karani mwenzake akilia mbele ya kamati kwa barua moja iliyofungiwa karanga sokoni Majengo. Mali ya mteja iende kulala kwenye kabati la mtu huko Chang'ombe, pamoja na vyombo na nguo za watoto?

"Siri ya mteja hailali nje," alisema.

"Basi CD ikae kanisani, mzee, kwa mchungaji."

"Mchungaji ana wageni wengi."

Ambokile hakubishana. Jioni hiyo aliandika maelekezo ya ukurasa mmoja: mashine ikilia, angalia taa mbili zilizo mbele ya kisanduku, ya kijani ni uzima, nyekundu ni kifo, piga simu. Mazengo aliyasoma, akasifu mwandiko, akayatoa nakala, akayafungulia faili, akaliandikia namba, akaliweka kabatini. Halikufunguliwa tena. Siku hizi anaposimulia hapo huinua kidole na kusema kwamba katika maisha yake yote hajawahi kuhifadhi kitu vizuri kama alivyohifadhi karatasi ile.

Kitambaa cha kuifunika seva nacho kina historia yake. Vumbi la Dodoma halibishi hodi. Kuanzia Julai upepo unaposhuka kutoka milimani, hata sukari iliyofungwa inakuwa na rangi. Debora aliona seva inakaa wazi kama mtoto asiye na mama, naye kwake redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata jagi la maji lina chake chenye shanga. Akaifuma seva kitambaa cheupe cha uzi wa pamba, kikubwa, chenye vishada vya zabibu kwenye pembe, kinachoshuka mbele mpaka karibu na sakafu. Ambokile alikiondoa kila asubuhi. Debora alikirudisha kila fundi alipokwenda kunywa chai. Walifanya hivyo miezi mingi, bila maneno, wakiheshimiana sana.

Sasa aje Mwalimu Paskazia, maana bila yeye hii ingekuwa habari ya mashine tu.

Paskazia alikuwa amefundisha shule za msingi miaka thelathini na mitatu, na alipostaafu alianza kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Watu wa uwanda huu, kabla ya kuhamishiwa vijijini ile miaka ya sabini, waliishi kaya mbalimbali, kila kaya na jina lake, kisima chake na makaburi yake. Walipohamishwa waliacha nyumba zao za tembe zikaanguka, na vizazi vilivyofuata vikasahau mababu wamelala wapi. Paskazia alikwenda kwa wazee mmoja mmoja akiuliza: kaya yenu iliitwaje, ilikuwa upande gani wa mlima, nani amezikwa hapo. Alijaza madaftari tisa. Akayaweka chini ya kitanda, akaenda Singida kumuuguza dada yake miezi miwili, akarudi akakuta mchwa wamemaliza sita na wanaendelea na la saba.

Alifika Nakala Mbili mwaka 2004 na madaftari mawili na vipande.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Mazengo, ambaye hakuwahi kufundishwa naye lakini aliujua ualimu kila alipouona.

"Marahaba. Nimeambiwa wewe una mahali ambapo mchwa hawafiki."

Hakuna mteja aliyewahi kumgusa moyo kama huyo. Alimwonyesha kisanduku, akamhubiria diski pacha, na safari hii mahubiri yalipata mtu wa kuyasikia. Alimtengenezea tovuti, akaifanya bei ya chini kabisa, na Paskazia akajifunza kuchapa kwa vidole viwili. Kila Jumanne na Alhamisi alikaa kwenye kompyuta ya pembeni akiandika majina ya kaya. Baada ya mwaka barua pepe zilianza kuja. Mtu mmoja aliyezaliwa Morogoro aliandika kwamba amekuta kaburi la babu yake kwa kufuata maelezo ya tovuti, akaenda na wanawe wakalisafisha. Paskazia aliisoma barua hiyo mara tatu, kisha akamwomba Debora amsomee ya nne, eti miwani ina ukungu.

Januari 2006 Ambokile alipata kazi Mwanza kwenye kampuni ya simu. Alipoaga alirudia maneno yake: diski ya tatu, CD ya Ijumaa, taa. Mazengo alimpa baraka na barua ya sifa, nakala mbili. Diski ya tatu ilikuwa haijanunuliwa. Alikuwa ameanza kufikiri kwamba kununua ya tatu ni kutoziamini zile mbili.

Mwaka huo mvua zilikuwa zimekosa, bwawa la Mtera limeshuka mpaka magogo ya zamani yakaonekana, na mwezi wa pili mgao wa umeme ukaanza. Uhindini nzima ikawa inalia. Mashine za betri zililia umeme ukikatika, zikalia betri ikikaribia kuisha, zikalia umeme ukirudi. Majenereta yalinguruma mpaka watu wakawa wanasalimiana kwa ishara za mikono. Katika kelele hizo, asubuhi moja, seva ya Nakala Mbili nayo ilianza kulia: pi, pi, pi, sauti nyembamba, bila kupumzika.

"Hiyo yako inalia hata umeme ukiwepo," alisema Debora siku ya pili.

"Imezoea," alisema Mazengo. "Mgao umeishtua."

"Mashine inashtuka?"

"Mama Miriam, hata wewe unashtuka."

Siku ya nne wateja wakalalamika. Mazengo aliingia chumba cha nyuma, akapeleka mkono nyuma ya kisanduku chini ya kitambaa, akapapasa, akakuta kitufe kidogo, akakibonyeza. Kimya kikashuka kama neema. Alitoka nje akiwa amejaa heshima ya mtu aliyerekebisha kitu. Kitambaa hakukiinua. Kilikuwa kimetoka kufuliwa, kimepigwa pasi, na vishada vya zabibu vilikuwa vimekaa vizuri.

Mwezi wa tatu Paskazia alikuja na bibi mmoja wa Bahi, aliyeitwa Loisi. Bibi alikuwa ameletwa mjini kutibiwa macho, anakaa kwa mjukuu wake, na alikuwa na umri ambao hakuna aliyeujua, yeye akiwa wa kwanza kutoujua. Kaya zilizokuwa kwenye uwanda wa chini huko Bahi, ambako leo ni majaruba ya mpunga na malisho, hakuna aliyebaki anayezikumbuka ila yeye. Paskazia alikuwa amemtafuta miaka miwili.

"Mbukwenyi," alisema bibi mlangoni, akiwasalimu wote kwa pamoja, pamoja na kompyuta.

Debora alimwekea kiti na soda. Paskazia akakaa upande wa pili, akatoa daftari jipya na kalamu kwenye mkoba. Hapo ndipo Mazengo alipopita.

"Mwalimu, daftari la nini tena?"

"Naandika kwanza, halafu nitachapa taratibu."

"Kazi mara mbili. Bibi anaongea, wewe chapa. Mashine yenyewe ndiyo inayoandika mara mbili."

"Nimezoea daftari, Mazengo."

"Na mchwa nao wamelizoea," alisema Mazengo, na watu waliokuwa chumbani wakacheka. Paskazia naye akacheka. Akalirudisha daftari mkobani.

Wiki mbili bibi alikuja kila asubuhi. Alifumba macho yaliyofungwa bandeji, akatembea kaya hadi kaya kichwani mwake: hapa kwa fulani, kisima chao kilikuwa na maji ya chumvi, hapa walizikwa mapacha, hapa mwanamke mmoja alikataa kuhama, wakambeba na kitanda chake. Alizungumza Kigogo, Paskazia akachapa Kiswahili, akiuliza tena jina moja mara mbili mara tatu. Siku moja alimuuliza Mazengo kama atoe karatasi kwenye printa. Mazengo alisema karatasi ni chakula cha wadudu. Siku ya mwisho Paskazia alihesabu kwa sauti, akamwambia bibi kwamba ametaja kaya hamsini na tatu. Bibi Loisi alisema zilikuwa nyingi zaidi lakini wengine hawakuwa watu wazuri.

Alirudishwa Bahi. Wiki ya Pasaka alifariki usingizini. Mazengo na Debora walikwenda mazikoni, na njia nzima Mazengo alimwambia Paskazia kwamba angalau bibi hakuondoka na majina yake.

Tarehe kumi na sita Mei, saa nne asubuhi, umeme ulikuwepo na kila kitu kilikuwa shwari, na tovuti zote zikapotea. Bashiri ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika, simu mkononi.

"Mzee, kuna Mzungu anatafuta chumba ananiambia sipo duniani."

Mazengo alimpigia Ambokile huko Mwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Seva imenyamaza."

"Angalia kisanduku cha diski. Taa zina rangi gani?"

"Ngoja niondoe kitambaa."

"Kitambaa gani, mzee?"

Mazengo alikuwa amekiinua, anatazama taa mbili nyekundu.

"Zote nyekundu," alisema.

"Zote? Haikulia kabla?"

Hapo, husema Mazengo, shetani alimkaribia kwa adabu sana, akamwonyesha jibu fupi. Hapana. Nani angejua? Debora alikuwa amesimama mlangoni, Bashiri nyuma yake.

"Ililia," alisema. "Mwezi wa pili. Siku nne. Nikabonyeza kitufe."

Ambokile alivuta pumzi mpaka Dodoma ikasikia. "Basi mzee, ile ya kwanza ilikufa mwezi wa pili. Tangu hapo ulikuwa unafanya kazi na moja. Ilikuwa inakwambia."

"Nilidhani inalalamikia mgao."

Bashiri, aliyekuwa akisikiliza yote, alisema taratibu, "Kinyozi hajinyoi." Kisha akaona uso wa Mazengo, akajutia.

Ambokile alimpa jina la fundi mmoja Dar es Salaam. Diski zilifungwa kwenye boksi la viatu lililojazwa pamba, Mazengo mwenyewe akasafiri nalo kwa basi, analipakata magotini kama anapeleka mtoto ubatizo. Siku tisa alikaa kwa binamu yake Tandika. Fundi akampa jibu. Ile diski iliyokufa mwezi Mei ilikuwa imejikwaruza ndani. Haikuwa na kitu tena, hata kwa pesa. Ile iliyokufa mwezi Februari ilikuwa na ugonjwa mdogo zaidi, aliibembeleza ikaamka kwa saa sita, naye akaichota yote iliyokuwamo. Lakini ilikuwa imelala tangu siku ile ilipolia. Ilijua ya dunia hadi tarehe tisa Februari, na hakuna zaidi.

Kwa wateja wengi ilikuwa sikukuu. Shule zilikosa matangazo mawili. Wakulima wa zabibu walikosa picha za mkutano ambazo hawakuzipenda. Bashiri alirudishiwa bei zake za zamani, akasema afadhali, wageni watakuja wengi wakidanganywa na tovuti. Mtu mwingine angeweza kusema kampuni imeokoka, na watu walimwambia hivyo. Mchungaji alitaka kumshukuru Mungu hadharani. Mazengo alimwomba asubiri.

Paskazia alikuwa kwa mwanawe Kondoa tangu mwanzo wa mwezi, na hakujua lolote. Siku aliyorudi Mazengo alikwenda kwake kwa miguu. Njiani alitunga maneno ya kufaa, kuhusu umeme, kuhusu viwanda vya diski, kuhusu taifa. Alipofika uani akamkuta anachambua mboga, na maneno yote yakamtoka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Mbona uso umekuwa kama wa mgonjwa?"

Alikaa kwenye kigoda, akamwambia yote kwa mpangilio wa tarehe, kama anasoma faili: mlio, kitufe, kitambaa, Mei, Dar es Salaam. Kila kitu cha kabla ya Februari kipo. Bibi Loisi hayupo.

Paskazia aliendelea kuchambua. Alimaliza fungu moja, akachukua jingine.

"Nilikuja na daftari," alisema.

"Nililiona."

"Ukasema niliweke."

"Nilisema. Na niliwachekesha watu."

"Na mimi nilicheka," alisema Paskazia. "Mwalimu wa miaka thelathini na mitatu, nacheka na darasa."

Mazengo alisema atarudisha pesa zote alizowahi kulipa. Paskazia alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aketi.

"Unataka nikupe risiti?"

Hakusema kwa ukali. Mazengo anasema angesema kwa ukali ingekuwa rahisi.

Mazengo akamwomba basi waende Bahi pamoja. Ilikuwa Juni, mavuno yameisha, watu wapo majumbani. Walikaa siku tano. Mazengo alibeba madaftari mawili na kalamu nne, na kila jina lililotajwa Paskazia aliliandika katika moja na yeye katika jingine, wakakaa pande mbili za mzungumzaji kama mawakili. Waliwauliza wana wa Loisi, wajukuu, jirani zake, mzee mmoja mfugaji aliyedai kukumbuka yote na hakukumbuka lolote ila ng'ombe wake mwaka wa njaa. Wengi walisema, "Hayo alikuwa anayajua bibi." Binti yake mkubwa alikumbuka kaya nne kwa sababu mama yake alizitaja alipokuwa akiimba. Mwingine alitoa mbili. Jina la saba lilitolewa na mjukuu, aliyelisikia siku bibi anarudi kutoka mjini, akijisifu kwamba majina yake sasa yamo kwenye mashine.

Mazengo alirudi Dodoma akanunua diski ya tatu, akaanza kuchoma CD kila Ijumaa, moja ikikaa kwa mchungaji na nyingine kwa Bashiri, ambaye aliiweka kwenye droo ya funguo za vyumba na hakuna siri iliyowahi kutoka. Kitambaa kilihamia kwenye meza ya chai. Mtu akija kuweka tovuti humwonyesha taa za kijani kabla hajamwambia bei, na humwambia kwamba diski pacha hukupa siku chache za kutafuta nyingine, nazo siku hizo yeye alizitumia kusifu kimya. Kwa kawaida mteja hucheka. Mazengo humwacha acheke.

Bibi Loisi alitaja kaya hamsini na tatu. Saba zimepatikana. Arobaini na sita hazikuandikwa mahali pengine popote, na waliozikwa huko hawana wa kuwaonyesha watoto wao mahali walipo.